Taa Haina Mwandiko

5 Februari

Kwa Karani wa Malalamiko,

Shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu: baba yangu amekufa, na bado analipa.

Alifariki Aprili mwaka jana. Nilikuwepo alipozikwa. Lakini kila tarehe mosi pesa hutoka kwenye akaunti aliyofungua pamoja na mama, na kando yake pameandikwa neno moja tu: TAA. Mei zilitoka. Juni zilitoka. Nilipoiona ile ya Mei kwenye karatasi zenu, nilisikia kikohozi chake nyuma ya mlango. Najua hakikuwa chake. Nakueleza tu nilichosikia.

Mama hafungui bahasha zenu kwa sababu zinakuja kwa jina la baba. Anasema barua ya mtu haifunguliwi na mwingine. Huziweka juu ya kabati, zikabaki kusomwa na vumbi. Mimi ndiye niliyepanda kiti nikazishusha, akiwa kazini. Anashona sare kiwandani, zamu ya usiku.

Nimezisoma zote na nadhani nimeelewa. Mshahara wa mama ukiingia, TAA inatangulia kula. Salio linazama chini ya sifuri, ninyi mnakata ada ya ovadrafti. Ile ada nayo inalizamisha salio zaidi, mnakata nyingine. Samahani kwa kusema hivi, lakini ni kama kumtoza faini mtu aliyezama kwa kosa la kulowesha nguo.

Mimi niko mwaka wa mwisho shuleni. Ada ya mtihani inalipwa kupitia akaunti hiyo, na mwisho ni tarehe 31 Machi. Mama ameiweka mara mbili, na mara mbili imemezwa. Asiyelipa hafanyi mtihani. Mwalimu mkuu amesema hivyo mbele ya darasa zima, akiangalia dirishani ili asiniangalie mimi.

Nadhani TAA ni bili ya umeme ya nyumba tuliyohama miaka minne iliyopita, na kwamba mlisahau kuisimamisha. Cheti cha kifo mama alikileta kwenu wiki ile ile ya msiba. Naomba msimamishe malipo hayo na mturudishie ada zote mlizokata.

Naandika kwa sababu kuongea na watu dirishani siwezi. Nilikuja mara moja, nikapanga foleni, na ilipofika zamu yangu nikaomba kalamu, nikaondoka. Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia. Nitairudisha.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi (wenzangu huniita Kamusi)

*

12 Februari

Mteja Mpendwa,

Tumepokea barua yako ya tarehe 5 Februari.

Tunasikitika kukujulisha kwamba benki huwasiliana na mwenye akaunti pekee. Katika kumbukumbu zetu hakuna mteja anayeitwa Kamusi.

Hata hivyo, ili kukuondolea usumbufu, tunapenda kufafanua kwamba agizo la kudumu, yaani la malipo ya kila mwezi, lenye maelezo TAA halikusahauliwa. Muda wake wa mwaka mmoja ulipoisha, lilihuishwa hapa tawini tarehe 9 Oktoba mwaka jana, kwa sahihi ya mwenye akaunti. Kwa hiyo ada zilizokatwa ni halali.

Asante kwa kuendelea kutuamini.

Karani, Dawati la Nne

*

14 Februari

Kwa Karani wa Dawati la Nne,

Shikamoo.

Tarehe 9 Oktoba baba alikuwa na miezi sita kaburini.

Naomba unisamehe, lakini lazima niulize. Huyo mwenye akaunti aliyekuja, alikuwaje? Alivaa kofia ya kitambaa? Alikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha? Baba alikuwa mwandishi wa mabango. Duka lolote lenye jina ukutani katika mji huu, kama herufi zake zimesimama wima kama askari, basi ni mkono wake. Buluu haikumtoka kwenye kucha hata walipomwosha.

Najua maswali yangu ni ya kitoto. Nimesoma vitabu vingi kuliko vinavyofaa mtu anayelala peke yake nyumbani. Lakini ninyi mmesema mwenye akaunti alikuja akasaini. Ama kuna mtu ameiga sahihi ya marehemu, na hilo ni kosa, ama ni yeye mwenyewe, na hapo sijui ni nini.

Tafadhali nijibu. Tangu barua yako ifike sijazima redio.

Kamusi

*

20 Februari

Kwa Kamusi,

Washa redio au uizime, lakini usiogope. Sikufikiria barua yangu ingesomwaje na mtu aliye peke yake nyumbani, na kwa hilo naomba radhi mimi, si benki.

Siruhusiwi kukueleza mambo ya akaunti ya watu. Ninachoruhusiwa kueleza ni utaratibu, ambao umebandikwa hata ukutani hapa: akaunti ikiwa ya watu wawili na mmoja akafariki, mwenye akaunti ni yule aliyebaki. Isome sentensi hiyo polepole.

Jambo jingine si siri kwa kuwa unalo tayari. Geuza nyuma ya taarifa ya akaunti. Watu hawageuzi. Pale chini pameandikwa pesa zinakwenda kwa nani. Utaona si shirika la umeme.

Kalamu baki nayo. Zile tunazifunga kwa kamba kwa sababu ya watu kama wewe, na inaonekana kamba haikufua dafu.

Karani, Dawati la Nne

*

21 Februari, mezani, chini ya kopo la sukari

Mama,

Shikamoo. Chakula kipo kwenye sufuria ndogo, nimekifunika. Mimi nimeshakula.

Naomba kukuuliza kitu, na naomba usikasirike. Taa ni nini?

Kamusi wako

*

22 Februari, chini ya kopo la sukari

Marahaba.

Taa ni taa. Ni kitu kinachowaka.

Kula vizuri, sufuria nimeikuta imejaa, usinidanganye kwamba umekula. Ada ya mtihani nitaitafuta, hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kusoma.

Na zile bahasha zilizokuwa juu ya kabati, zirudishe ulipozitoa. Unadhani sioni vumbi limepanguswa?

Mama

*

24 Februari

Kwa Mzee Funguo, Mtunza Jengo

Shikamoo Mzee.

Sijui kama unanikumbuka. Tulikaa ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Mimi ni yule mtoto wa mwandishi wa mabango aliyekuwa akisoma kwenye ngazi, ukapita na funguo zako zikilia, ukasema, "Sogea, maktaba, watu wapite."

Nyuma ya karatasi ya benki nimeona jina la jengo lako. Kila mwezi zinakuja kwako pesa kutoka akaunti ya wazazi wangu, na kando pameandikwa TAA. Tangu baba afariki Aprili mwaka jana, pesa hizo zinatuzamisha. Benki inatukata ada juu ya ada, na mimi huenda nisifanye mtihani. Mama hataki kusema ni za nini. Nimemuuliza, akanijibu kama anavyowajibu wauza dawa za miujiza.

Sikushutumu kwa lolote. Nataka kujua tu, ni taa gani?

Kamusi (siku zile uliniita Maktaba)

*

3 Machi

Maktaba mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Mtu unapata habari ya msiba kwenye mstari wa katikati, kama bei ya chumvi! Aprili mwaka jana? Na mimi hapa nilikuwa nasema, huyu bwana amekuwa mkubwa siku hizi, analeta pesa haji mwenyewe. Mungu amlaze pema. Nifikishie pole yangu kwa mama yako, na nyingine ubaki nayo wewe.

Sasa kaa, nikueleze.

Unakumbuka kaka yako mkubwa alivyoondoka. Wewe ulikuwa mdogo, lakini jengo zima lilisikia. Baba yako alitaka ashike brashi, yeye hataki brashi. Baba yako akasimama pale mlangoni akasema, "Ukivuka hapa, usitutafute." Kijana akavuka. Basi. Maneno mawili ya hasira na mlango mmoja, ndiyo nyumba nyingi zinavyovunjika.

Mwaka uliofuata mkahama. Mlihama jioni, na godoro kichwani, kwa sababu baba yako alichukua malipo ya mabango ya watu akashindwa kuyaandika. Wewe hukujua hilo. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Aliniambia, "Mzee, mtu yeyote akija kuniulizia, humjui tulikokwenda." Nikasema sawa. Mimi nikipewa neno nalifunga, ndiyo kazi yangu hii.

Haukupita mwezi akarudi peke yake, na kopo la rangi ya buluu. Akasimama ukutani kando ya mlango wenu wa zamani. Nikamuuliza, "Unaandika nini?" Akasema, "Tulipohamia. Kijana akirudi asome." Akaweka brashi ukutani, akavuta mstari mmoja. Mjukuu wangu, ule mstari ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Akaufuta kwa mkono wa shati. Alama bado ipo, ukija nitakuonyesha. Akasema, "Yule nimemfundisha mimi herufi. Hawezi kukuta hizi." Nikamwambia, "Basi niandike mimi." Akacheka, akasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kweli kabisa, wewe mwenyewe unauona.

Ndipo akatazama balbu ya barazani. Akasema, "Bora taa. Taa haina mwandiko." Tukakubaliana. Yeye analipa umeme na balbu, mimi naiwasha kila magharibi, haizimwi mpaka kumekucha. Inaonekana toka barabara ya pili. Wapangaji wapya wananung'unika inawaletea wadudu. Nawaambia, hameni.

Hiyo ndiyo TAA. Sasa kuna jambo la pili, na hili nalo ulijue.

Novemba hii iliyopita, magharibi, alikuja kijana mmoja mwenye ndevu, na begi. Aliniuliza, "Wenye ile taa wako wapi?" Hakusema jina wala udugu, na macho yangu siku hizi yanaona kama kupitia maziwa. Nikajua ni wale wanaodai. Nikasema, "Sijui." Akasema, "Basi nani anaiwasha?" Nikajibu, "Mwenyewe analipa kila mwezi, hakosi. Lakini amekataza nisimwambie mtu alipo."

Akapanda ngazi mpaka pale mlangoni, nikasikia mkono wake unapapasa ukuta. Aliposhuka alisema, "Ni rangi yake." Halafu akasema, "Mwambie taa nimeiona." Akaenda zake.

Nilingoja baba yako aje nimpe salamu hiyo. Kumbe nilikuwa namngoja aliyeko ardhini. Zile pesa zisingekuja ningejua kuna jambo, ningeuliza, ningefungua mdomo. Zilikuja, nikamshikia marehemu neno lake. Nimemfukuza mtoto wa mtu kwa niaba ya maiti.

Taa sijaizima. Sijui nifanye nini nayo. Niambieni.

Mzee Funguo

*

6 Machi

Kwa Mwenye Akaunti,

Kufuatia malalamiko yaliyowasilishwa kwa niaba yako, tumelipitia faili upya.

Imethibitika kwamba cheti cha kifo kilipokelewa hapa mwezi Aprili. Kwa utaratibu wetu, agizo la kudumu lilipaswa kusimamishwa siku hiyo mpaka mwenye akaunti aliyebaki aulizwe. Halikusimamishwa. Kosa hilo ni letu. Ada zote za ovadrafti zilizokatwa kabla ya tarehe 9 Oktoba zitarudishwa.

Kuhusu ada zilizofuata baada ya wewe kulihuisha agizo, meneja amekubali kuzirudisha pia, kwa mara hii tu, endapo agizo la TAA litafutwa kwa sahihi yako kwenye fomu iliyoambatishwa, si zaidi ya tarehe 24 Machi.

Karani, Dawati la Nne

(Kamusi, hili naliandika kwa mkono, halimo kwenye faili. Kwa hizo za kwanza peke yake, ada ya mtihani haitatimia. Nimepiga hesabu. Kwa zote mbili itatimia na chenji itabaki. Mwombe mama yako asaini.)

*

8 Machi

Kwa Karani wa Dawati la Nne,

Shikamoo, na asante. Ningekuwa mtu wa kuongea ningekuja kukushukuru mbele ya foleni nzima.

Barua yenu nimeipata mimi, mama hajaiona. Tatizo si sahihi. Tatizo ni taa.

Sasa najua ni ya nini. Baba aliiacha iwake kwenye nyumba yetu ya zamani ili kaka yangu aione siku akirudi. Nadhani alimwambia mama alipokuwa mgonjwa kitandani, na mama akaja kwenu Oktoba akaihuisha. Ndiye huyo mwenye akaunti niliyemwogopa. Hakuwa na kofia ya kitambaa, alikuwa na uzi kwenye mabega, sivyo? Usijibu, najua huruhusiwi.

Lakini kaka alikuja. Novemba. Aliiona taa akapanda mpaka mlangoni, akaambiwa baba analipa kila mwezi na amekataza aelekezwe. Baba alikuwa ameshakufa. Mtunza jengo hakujua, kwa sababu pesa zilikuwa zinafika. Na zilikuwa zinafika kwa sababu mama alisaini.

Umeona nilipokwama? Nikimpa mama fomu, ataniuliza kwa nini azime, naye anangoja mtu. Nikimwambia aliyemngoja ameshakuja, itabidi nimwambie na jinsi alivyoondoka. Nikinyamaza, taa itaendelea kuwaka, na mimi nitakuwa nampita mama mlangoni kila asubuhi nikiwa na siri hii mdomoni kama mtu aliyeng'ata ulimi.

Jana nilizima redio nikasikia tena kile kikohozi. Safari hii sikuogopa. Nilimuuliza kwa sauti, "Kwa nini hukuandika tu, hata kama ingepinda?" Hata angekuwa hai asingejibu.

Nifanyeje? Najua swali hili si la Dawati la Nne.

Kamusi

*

13 Machi

Kwa Kamusi,

Si la Dawati la Nne, kweli. Nimezunguka nalo siku hizi zote na mwenzangu wa Dawati la Tatu ameniuliza kama naumwa jino.

Mimi si mshauri. Najua jambo moja tu, na nimelijua kwa kukaa kwenye kiti hiki. Mtu anaona salio limezama, anaona aibu, anaiweka bahasha juu ya kabati. Bahasha haitulii. Inazaa. Ninaowaona wakilia hapa, wengi hawalii kwa ada ya kwanza. Wanalia kwa zile zilizozaliwa kabatini.

Fomu mwisho wake tarehe 24. Sitaweza kuisogeza.

Karani, Dawati la Nne

*

14 Machi, chini ya kopo la sukari

Mama,

Shikamoo.

Barua hii ni ndefu. Keti kwanza, vua viatu. Nimeiandika mara tatu na kila mara nilikuwa naificha sehemu moja. Sasa sijaficha.

Taa najua ni ya nini. Nilimwandikia Mzee Funguo, na barua yake ndiyo hii, nimeikunja pamoja na yangu. Ninayo pia ya benki, na fomu. Kabla hujaisoma ya Mzee nataka ujue kwanza kutoka kwangu, si kwa mwandiko wake: kaka alikuja. Mwaka jana, Novemba. Aliiona taa. Alisema aambiwe baba kwamba ameiona.

Hakuelekezwa. Mzee alidhani ni mdai, na alidhani baba yuko hai. Si kosa lake. Wala si kosa lako kwa kusaini. Usingesaini taa ingekuwa imezimwa, naye angekuta giza, asingepanda hata ngazi.

Mama, hatukuacha anwani. Hilo ndilo ninalolifikiria. Baba aliandika ukutani njia ya kwenda kwa kila muuza viatu na kila kinyozi katika mji huu, na ya kuja kwetu hakuiandika, kwa sababu mkono ulitetemeka. Wewe ulidhani Mzee atasema. Mzee alidhani amekatazwa. Taa inasema "hapa," na sisi hapo hatupo.

Fomu usiisaini kwa ajili ya mtihani wangu. Mtihani upo hata mwakani.

Kamusi wako

*

15 Machi, chini ya kopo la sukari

Nimesoma.

Jumapili tunakwenda. Zile brashi za baba yako ziko chini ya kitanda changu, kwenye mfuko wa unga. Zioshe.

Mtihani utafanya mwaka huu huu.

Mama

*

25 Machi

Kwa Karani wa Dawati la Nne,

Shikamoo.

Mama aliniambia ataileta fomu mwenyewe, na jana jioni alisema umeigonga muhuri ukamwita "mama Kamusi." Anasema alicheka njia nzima. Umeniuliza kupitia kwake mambo yaliishaje. Hayajaisha, lakini nitakueleza tulichofanya.

Jumapili tulikwenda. Mama alikuwa hajakanyaga pale tangu tuhame. Mzee Funguo alikuwa ametungoja chini, amevaa shati la kutokea. Alipomwona mama alianza kuomba msamaha kabla ya salamu. Mama akamwambia, "Mzee, nyamaza. Ulipewa neno na mume wangu, ukalishika. Mimi nimelala na huyo mtu miaka ishirini na tano, neno lake hata mimi sikuweza kulifungua." Mzee akasema, "Lakini mama, kijana alipapasa ukuta." Mama akasema, "Nionyeshe."

Alama ipo kando ya mlango, kimo cha kifua. Ni buluu iliyosambaa, kama mtu aliyefuta machozi ya mtoto kwa nguvu kidogo. Mama aliweka kiganja chake juu yake. Mpangaji wa sasa alifungua mlango, akatuona watatu tunautazama ukuta wake, akaufunga tena taratibu.

Rangi niliyoipata kwenye ule mfuko wenye brashi za baba ilikuwa imekauka juu, lakini chini ilikuwa bado hai. Nilipiga mstari kwa chaki ya mama, ile anayochorea vitambaa, ili herufi zikae sawa. Hazikukaa sawa. Mimi si yeye. Niliandika chini ya alama yake: TUMEHAMIA NYUMA YA KIWANDA CHA SABUNI, MLANGO WA TATU, WA KIJANI. Neno KIJANI lilipanda juu kama linataka kutoroka. Mama aliangalia, akasema, "Baba yako angeyafuta yote." Halafu akasema, "Yaache."

Mzee aliuliza kama tuandike pia kwamba baba amefariki. Mama akasema, "Hilo asilisome ukutani. Atakuja aambiwe akiwa amekaa." Akamwagiza Mzee, tangu leo yeyote atakayeuliza, awe mwana awe mdai, aelekezwe. "Wakija wanaodai nitawapa chai," alisema. "Wadai siwaogopi tena. Nimezoea benki."

Magharibi ilipoingia, Mzee aliiwasha taa kama kawaida yake. Tulishuka mpaka barabara ya pili tukaitazama. Ni balbu ndogo ya kawaida tu. Sikuwahi kuiona toka upande ule, upande alioiona kaka. Nikaelewa kwa nini alipanda ngazi. Inaonekana kama kuna mtu ndani amekataa kulala.

Tulirudi juu. Mama alisaini fomu yako akiwa ameketi kwenye ngazi, juu ya goti, kisha akanyanyuka akaweka kidole kwenye swichi. Alikaa hivyo. Mzee akasema, "Naweza kuizima mimi." Mama akasema, "Wewe umeiwasha inatosha." Akaizima. Sikusikia kikohozi wala chochote, nilisikia tu wadudu wakigonga kioo kilichokuwa bado cha moto. Akapanda juu ya ndoo ya Mzee, akaifungua balbu kwa upindo wa kanga yake, akaitia mkobani.

Pesa zimeingia. Nimelipa ada ya mtihani leo asubuhi, dirishani, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Niliongea polepole mno, keshia akadhani nasali. Kalamu nimeiacha kwenye kaunta, karibu na kamba yake.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amelala. Nikapanda kile kiti nilichoshushia bahasha zenu, nikaifunga ile balbu juu ya mlango wetu wa kijani, upande wa nje. Nikashuka nikaiwasha, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Kisha nikaketi mezani kusoma jiografia, na mlango sikuutia komeo.

Kamusi